Basi Lisilosimama Mida

Mume wangu Zein alipenda vitu viwili kwa moyo mmoja: mama yake na gari lake. Mama yake aliitwa Bi Harusi, mkaazi wa Mambrui, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi wa kutoa. Gari lilikuwa Peugeot kuukuu lililokunywa petroli kama mgeni asiyejua kwamba mtungi ni wa nyumba nzima. Mimi nilimpenda Bi Harusi.

Tulikuwa tukikaa Kikambala, Zein akiwa mtunza stoo wa hoteli moja ya ufuoni. Mwaka ninaousimulia, Bajeti iliposomwa redioni, waziri alipandisha tena kodi ya petroli. Zein akazima redio kwa kishindo.

"Wametumaliza," akasema.

"Wamekumaliza wewe," nikamjibu. "Mimi mpanda basi, sijambo."

Kumbe alikwisha jihami. Siku iliyotangulia alikuwa amejaza madumu ya petroli akayaficha ua wa nyuma, ubavuni mwa dumu langu la mafuta ya taa, nami nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka, wapi! Tangu hapo akawa na vituko. Kwenye mteremko alizima injini gari lijiteremkie lenyewe. Sokoni alikwenda kwa miguu ili gari lipumzike. Na basi la Malindi lilipita mlangoni petu kila siku ya Mungu, lakini kulipanda, hasha. "Mtu mwenye gari akionekana kwao ameshuka basi, watasema ameuza," alisema. Nikamwuliza kama hao wasemaji ndio wanaomnunulia petroli.

Basi asubuhi moja alirudi kutoka hotelini mapema, uso umemshuka. Mjomba wake Fumo alikuwa amepiga simu kutoka Malindi. Bi Harusi amefariki alfajiri. Atazikwa leo hii, baada ya sala ya adhuhuri.

Kwetu maiti wa kike hupokewa kaburini na maharimu wake, wanaume wa karibu wasioweza kumwoa, na Bi Harusi alikuwa na mtoto mmoja tu. Tangu alipofiwa na mumewe aliusia jambo moja, akalirudia kila Idi mbele ya watu: "Mimi nilimpokea Zein alipokuja duniani. Naye ndiye atakayenipokea nikiondoka." Mjomba Fumo aliujua wasia huo, lakini alisema wazi kwenye simu: watamngoja mpaka sala, na sala ikisha, maiti hangoji mtu. Asipofika, yeye mjomba ataingia kaburini badala yake.

"Basi linapita sasa hivi," nikamwambia.

"Siendi kumzika mama yangu kwa basi, Kuluthumu."

Sikubishana naye. Mtu aliyefiwa habishaniwi. Alikwenda uani, akabeba dumu, akalimimina lote kwenye tangi huku machozi yakimdondoka, tukaondoka.

Tulikuwa tumeipita njia panda ya Takaungu gari lilipoanza kukohoa. Likatoa moshi mzito, likashtuka mara mbili tatu, likanyamaza. Zein akashuka, akafungua kifuniko cha tangi, akanusa. Akabaki ameinama pale pale.

"Nimetia mafuta ya taa," akasema.

Akaketi majanini na suruali yake nzuri, akalia kwa sauti. Kwa miaka nilikuwa nimejiwekea maneno ya kumwambia siku gari lile litakapomtia aibu, maneno makali, yamepangwa vizuri. Sikulipata hata moja. Nilimshika bega, na kwa mkono mwingine nikawa nasimamisha kila chombo kilichopita.

Kilichosimama ni basi la Malindi.

Dereva aliitwa Kavumbi, Mgiriama mnene mwenye kofia ya ukili. Hakuuliza mengi. Abiria wawili wakampisha Zein na mimi, tukaketi. Wakati ule Kilifi hapakuwa na daraja, tulivuka kwa feri. Abiria walishuka, basi likaingia tupu, na watu wakasimama pembeni mwake mpaka ng'ambo. Hapo juu ya feri ndipo nilipomweleza Kavumbi kisa chote, wasia wa marehemu na sala ya adhuhuri.

Kavumbi akaliangalia jua, akatikisa kichwa. "Mama, sitaki kukudanganya. Njia hii nasimama kila penye mnazi. Huyu ana gunia, yule ana kuku. Nikiwashusha wote, mtawakuta watu wanarudi kutoka makaburini."

"Basi usisimame," akasema mtu nyuma yetu.

Alikuwa mwanamke amejitwika gunia la mahindi, kitambaa kimekazwa kichwani, miguu imejaa vumbi. Jina lake Mapenzi, nyumbani kwake Mida.

"Wewe si unashuka Mida?" Kavumbi akamwuliza.

"Nishushe Gede, usimame mara moja tu. Nitarudi kwa miguu." Akamgeukia Zein, akampa pole kwa Kigiriama. "Pore, baba."

Kisha mama mmoja wa kanisani, Jedida, akasema naye wa Dabaso, atashuka Gede vilevile, amsindikize mwenzake. Wale wa Tezo na Ngerenya wakasema watateremka Kilifi hapo hapo wangoje basi la nyuma. Mzee mmoja tu alinung'unika kwamba nauli amelipa ya kufika mlangoni, na Jedida akamtazama jicho moja, mzee akageuzia uso majini.

Mimi ni mtu wa hasira, wanaonijua wanajua. Mchana ule nilikuwa laini kama mkate wa kumimina. Nilitaka kumshukuru kila mtu kwa jina lake na sikuyajua majina.

Kavumbi alituendesha nisivyopata kuendeshwa. Matsangoni ikapita, Mida ikapita. Nilimwona Mapenzi akigeuza shingo kuitazama njia ya kwao ikibaki nyuma, na watoto wawili wamesimama pale wakingoja. Gede alishuka, akajitwika gunia, akaanza kurudi. Hakugeuka kutazama kama tunamwona.

Malindi ndio mwisho wa basi lile. Zein akainuka ashuke atafute gari la kumfikisha Mambrui. Kavumbi akampungia mkono akae.

"Mafuta je?" Zein akamwuliza. "Na bei hii? Tajiri wako atasemaje?"

"Tajiri wangu hupima tangi kwa kijiti," Kavumbi akasema. "Acha apime. Nitamweleza mwenyewe."

Wanaume kadhaa walikataa kushuka. Walisema mbele kuna jeneza, na kubeba jeneza ni thawabu, waende wapi tena. Tukavuka daraja la Sabaki tukiwa na basi la watu ambao jana hatukuwajua.

Tulipofika Mambrui sala ilikuwa imesaliwa na jeneza lilikwisha toka msikitini. Zein aliruka kabla basi halijatulia. Mimi niliingia nyumbani kwa wanawake wenzangu, kwa hiyo sikuyaona ya makaburini, lakini Mjomba Fumo alinisimulia. Alikuwa amevua viatu, mguu mmoja tayari uko kaburini, aliposikia watu wakisema, "Mpisheni, mwanawe huyo." Zein akashuka, akamkumbatia mama yake, akamlaza mwanandani, shimo la ndani ya kaburi, kwa mikono yake.

Alirudi nyumbani na udongo mpaka viwikoni. Aliniambia, "Nimempokea," akaketi mpaka magharibi bila kunawa.

Baada ya hitima tulirudi Kikambala kwa basi, na safari hii sikulazimika kusema neno. Tulipofika Mida, Zein akamwomba dereva atushushe. Tuliuliza nyumba kwa nyumba, tukaelekezwa, tukamkuta Mapenzi anapeta mahindi. Zein alikuwa amempelekea kanga mbili za mamake na halua. Akamwuliza swali lililokuwa likimkosesha usingizi: kwa nini alitembea vile, na gunia kichwani, kwa ajili ya mtu asiyemjua?

Mapenzi akaweka ungo chini.

"Mama yangu alifia Kaloleni," akasema. "Mimi nilifika nikakuta kashafukiwa."

Zein akainama kuokota punje zilizomwagika chini. Mimi ndiye niliyesema asante. Nikasema tena, na tena, mpaka Mapenzi akacheka akaniambia inatosha, mama, keti ule. Haikutosha. Mpaka leo naona haijatosha.