Duk, Hapa Juba

Cate alipoachishwa kazi katika chumba cha redio, mtaa wa Hai Amarat mjini Juba, hakulia. Wafadhili walikuwa wamejitoa, ofisi za shirika la misaada zikafungwa moja baada ya nyingine, naye akachukua sweta lake akaenda zake. Jamaa zake wa Nyeri walipompigia simu kumpa pole, aliwaambia pole hiyo wampe mwingine. Kazi gani ile? Kushinda katika chumba kisicho na dirisha, na kila asubuhi na kila jioni kuviita vituo vya mbali kimoja kimoja: Bor, Panyagor, Duk, Pibor, Akobo. Kituo kikiitika, tia alama. Kisipoitika, ita tena. Miaka nenda, miaka rudi. Kama kuna kitu angekitamani, labda chai ya mpishi wao, iliyokolea tangawizi.

Akaingia ubia na Namutebi, Mganda mwenye cherehani mbili katika mtaa wa Juba Na Bari. Cate alipiga pasi, akashona vifungo, akapokea wateja. Maisha yakaenda. Ila jua lilipoanza kuinama, maneno yalimkauka, na midomo ikawa inacheza peke yake. Siku moja Namutebi akasimamisha cherehani.

"Wewe kila jioni unaomba Mungu gani, hata sauti hakuna?"

Cate akacheka, akasema ni mazoea tu ya kazi, yatamtoka polepole.

Hayakuwa yamemtoka siku alipoingia mwanamke mmoja na kitambaa cha buluu mkononi. Alikuwa mrefu hata ikabidi ainame mlangoni. Akasalimu, akaanza kueleza anavyotaka gauni lake, mabega yakae vipi, mikono ifike wapi. Cate alikuwa anamzungushia utepe wa kupimia kiunoni. Mkono ukamsimama pale pale.

"Duk," akasema.

Yule mwanamke akainama amtazame usoni.

"Juba?"

Walishikana mikono wakashindwa kuachana. Jina lake lilikuwa Adhel. Kiswahili alikipata utotoni katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, akarudi nacho kwao, akaajiriwa kutunza redio ya kituo cha Duk. Kwa miaka yote ile walikuwa wakisemezana asubuhi na jioni bila kuonana sura. Kwa sauti ile nzito, Cate alikuwa amemfikiria mfupi, mnene, mwenye umri wa mama yake. Adhel akamsimulia jinsi mafuriko yalivyokibeba kituo pamoja na redio, jinsi alivyotembea majini na wanawe hadi wakapata boti ya Bor. Cate akaikumbuka jioni ile. Aliita Duk mpaka koo likamwuma, na baadaye akaambiwa asiiite tena.

"Jumapili njoo nyumbani," Adhel akasema alipokuwa akiondoka. "Kuna watu wanaokujua."

Cate alidhani ni wafanyakazi wenzao wa zamani. Alipotoka kanisani Jumapili, akafika kwa Adhel, mtaa wa Buluk, akakuta ua umejaa watu asiowajua hata mmoja: wazee kwenye viti vya plastiki, akina mama mikekani na watoto wachanga. Adhel akasema maneno machache kwa Kidinka, na wote wakamgeukia.

Ndipo Adhel akamweleza. Kule Duk, kila jioni watu walikuja kukaa nje ya chumba cha redio. Kiingereza hawakukijua, Kiswahili hawakukijua. Walikuja kusikia majina.

"Ukiita Panyagor, Panyagor ikaitika, mwenye binti Panyagor anakwenda kulala. Wakati wa vita, wakati wa maji, sisi hatukuona mbali. Wewe ndiye uliyetuambia kwamba nchi bado ipo."

Cate akazikumbuka alama zile alizokuwa akizitia huku anapiga miayo.

Haboba mmoja, bibi aliyepofuka, akanyoosha mkono akasema jambo. Anaomba uviite vituo, Adhel akatafsiri. Cate aliona haya, amevaa gauni lake la kanisani, mikononi hana hata kipaza sauti. Lakini akasimama.

"Bor, Bor, hapa Juba, unanisikia?"

Mwanamume mmoja karibu na lango akaitika. Cate akaita Panyagor, akaitika mama aliyekuwa ananyonyesha. Alipoita Duk, ua wote uliitika kwa pamoja, sauti nzito na nyembamba. Cate hakujua kama alie au apige magoti.

Haboba akasema tena, kwa sauti ya chini. Adhel akasita.

"Anasema hujaita Luakdit."

Kilikuwa kituo kidogo ndani kabisa ya kinamasi, kilichonyamaza zamani kabla ya Duk, kikafutwa orodhani kwa amri ya wakubwa. Cate akaita. Hakuna aliyeitika. Akangoja, kama ilivyo desturi ya redio, akaita tena. Ua ulitulia hata upepo ukasikika kwenye mabati. Bibi alikuwa ameinua uso, sikio lake ameligeuzia lango. Cate akaita mara ya tatu, akangoja zaidi kuliko alivyowahi kungoja kazini.

Kisha bibi akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyetendewa haki yake, akaagiza chakula kiletwe.

Wakala kisra, mikate myembamba ya mtama, na samaki. Wakati Adhel anamsindikiza barabarani, Cate akauliza kuna nani Luakdit. Kaka yake bibi, akajibiwa. Cate akauliza kama alifariki.

"Hatujui," Adhel akasema. "Ndiyo maana lazima aitwe."

Cate alipanda boda akapitiliza kwake, ikabidi dereva ageuze. Asubuhi alimsimulia Namutebi, na Namutebi akasimamisha cherehani mpaka mwisho.

Jumapili iliyofuata Cate alirudi Buluk, bila kualikwa.