Kura ya Kuazima

Mtu akikuazima shoka ukamrudishia limevunjika mpini, atakununia wiki mbili, kisha yatakwisha. Holger Stavmark alimwazima mdogo wake Ingegerd kitu ambacho hakuwahi kumwazima mtu yeyote tangu azaliwe. Alimwazima kura yake ya ubunge.

Katika mji mdogo wa Granforsen jambo hilo si la ajabu. Chama kisichofikisha asilimia nne ya kura za nchi nzima hakipati hata kiti kimoja bungeni, na waliokipigia wamepoteza siku yao. Kwa hiyo kila uchaguzi wapo watu wa vyama vikubwa wanaokiazima chama rafiki kura zao, kivuke mstari, upande wao upate kutawala. Hakuna hati wala shahidi. Kuna imani tu, na uchaguzi ule imani yenyewe ilikuwa imeketi ndani ya kibanda chekundu uwanjani, imevaa aproni, inamimina kahawa.

Ingegerd alikuwa amekisimamia kibanda cha kampeni cha Chama cha Mabonde tangu alipostaafu upishi wa shule. Kila chama kilikuwa na kibanda chake pale, bega kwa bega, watu wakitukanana kwa adabu tangu asubuhi hadi maduka yafungwe. Holger alipita kila siku akitoka kununua gazeti. Alikuwa mtu wa Chama cha Wafanyakazi kama baba yao, na alikuwa hapiti bila kurusha neno.

"Bado mnagawa kahawa ya bure? Basi mko hoi kweli."

"Tuko hoi, kaka," Ingegerd alimjibu siku ile, na safari hii hakucheka. "Tunakaribia nne lakini hatuifikii. Tusipovuka, upande wetu wote umeanguka, na nyinyi pamoja nasi. Rosencrona anaingia kiulaini."

Holger alisimama. Henning Rosencrona wa upande wa pili alikuwa ametangaza mchana kweupe kwamba akiwa waziri mkuu atayauza mabwawa ya umeme ya serikali. Bwawa la Granforsen lilijengwa na baba yao na wenzake kwa mikono yao. Holger mwenyewe aliingia kazini pale akiwa kijana, akatoka na mvi. Kwake lile halikuwa bwawa, lilikuwa mtu wa familia.

"Unaniomba nini, Inga?"

"Unajua ninachokuomba."

"Baba angefufuka anichape."

"Baba angefufuka angeuliza nani atamzuia Rosencrona."

Hapo ndipo Petronella Wiklander alipochomoza nje ya kibanda, mgombea wao, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye sauti ya kubembeleza mtoto alale. Alianza siasa akiwa binti wa shule, akimenya viazi jikoni kwa Ingegerd na kumuuliza maswali ya dunia nzima. Ingegerd alimpenda kama aliyemzaa. Petronella akamshika Holger mkono kwa mikono yake miwili.

"Holger, nitazame machoni. Rosencrona hapiti kupitia kwangu. Nitamkataa hata wakinifukuza chamani."

"Wote husema hivyo, binti. Mkishafika huko chini Stockholm mnapata usahaulifu."

"Huyu hapana," Ingegerd alisema. "Huyu namdhamini mimi. Akikugeuka, usimtafute yeye, nitafute mimi."

Holger alimtazama mdogo wake muda mrefu. Kisha akachukua andazi la mdalasini, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwenye kibanda kile, akaondoka nalo bila kuaga.

Jumapili ya uchaguzi walikwenda pamoja. Vituoni kila chama kina karatasi yake, na watu wengi huchukua za vyama vitatu vinne ili jirani asijue ipi itaingia kwenye bahasha. Holger hakuwa na mambo hayo. Alitoka nyuma ya kizuizi kinachoficha karatasi za vyama akiwa na moja tu mkononi, ya Chama cha Mabonde, uso umemwiva kama aliyekamatwa na kuku wa watu. Wazee wenzake wa bwawani walikuwa kwenye foleni. Mmoja wao aliiona akakohoa. Holger akapita.

Wakavuka. Jumatano, kura za mwisho zilipohesabiwa, Chama cha Mabonde kilikuwa kimeuvuka mstari kwa unywele, na Petronella alikuwa mbunge. Ingegerd alilia jikoni kwake, akampigia kaka yake simu.

"Ni wewe uliyetuvusha!"

"Mimi na wajinga wengine," alisema Holger, lakini alisikika anatabasamu.

Halafu ikaja ile mizunguko ya wiki nyingi ambayo wakubwa huiita mazungumzo. Waziri mkuu wa Chama cha Wafanyakazi akajiuzulu kwa sababu hesabu zake hazikutimia. Kiongozi wa Chama cha Mabonde, yule yule aliyeapa kwenye televisheni kwamba hatampa Rosencrona hata maji ya kunywa, akaonekana anatoka kwenye chumba kimoja naye, wote wawili wanacheka. Wamekubaliana, akasema. Chama hakitamuunga mkono Rosencrona, hasha! Kitajizuia tu. Hakitasema ndiyo, hakitasema hapana.

Hapa mtu mwenye akili timamu lazima apandwe na damu kichwani. Katika bunge lile waziri mkuu hahitaji kupendwa na wengi. Anahitaji tu asikataliwe na zaidi ya nusu ya viti vyote. Anayejizuia amempisha mlangoni, amemshikia na koti. Kila mbunge analijua hilo tangu siku ya kwanza, halafu anakuja kukwambia mikono yake misafi!

Wabunge kadhaa wa chama chenyewe waligoma, wakasema watamkataa Rosencrona liwe liwalo. Magazeti yakapiga hesabu: mgomo ukipata mtu mmoja zaidi, Rosencrona ameanguka. Mtu mmoja. Ingegerd akampigia Petronella.

"Mwanangu, wewe ndiye huyo mmoja."

"Ingegerd, mambo huku ni mazito kidogo kuliko yanavyoonekana huko."

"Huku yanaonekana mepesi kabisa. Uliahidi."

"Niliahidi sitamuunga mkono. Na sitamuunga mkono."

"Uliahidi utamkataa! Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika birika!"

"Tumepata reli mpya kwenye makubaliano. Watu wa bonde watanishukuru."

"Nani alikuomba reli? Petronella. Nilimdhamini mtu kwa ajili yako."

"Nitafanya kilicho sahihi," alisema ile sauti ya kubembeleza, na Ingegerd, Mungu amsamehe, akalala akiwa na matumaini.

Siku ya kura aliketi kwa Holger mbele ya televisheni. Holger alikuwa amevaa shati la kutokea. Matokeo yalipojaa kwenye ubao, ilikosekana kura moja ya kumwangusha Rosencrona, na jina la Petronella Wiklander lilikuwa miongoni mwa waliojizuia. Ukumbini watu walipiga makofi. Rosencrona alisimama akifunga kifungo cha koti.

Holger alizima televisheni.

"Kaka..."

"Nenda nyumbani, Ingegerd."

Hakumwita Inga. Alimwita jina lake zima, kama karani wa posta.

"Kaka, mimi nimeingizwa mkenge kama wewe."

"Wewe ulimdhamini. Mimi nimemkataa baba yangu kwenye foleni mbele za watu kwa sababu wewe ulimdhamini. Nenda nyumbani."

Wiki iliyofuata serikali mpya ilitangazwa. Mawaziri wakapangwa nje ya kasri la mfalme, wakapigwa picha, na pembeni kabisa, amevaa koti jipya la rangi ya krimu, alisimama waziri wa mambo ya vijijini, Petronella Wiklander. Kumbe reli ilikuwa inakwenda huko. Ingegerd alipoiona picha aliliweka gazeti chini taratibu, akatoka akapasua kuni ambazo hakuzihitaji, mpaka bega likamuuma. Simu ya Holger iliita siku nzima bila kupokelewa, na siku iliyofuata vilevile.

Mwezi wa Novemba waziri alikuja kuwasalimia watu wake. Tawi la chama lilikutana kwenye ukumbi wa kanisa, na keki ya kijani ya lozi mezani, maana huko hata msiba wa siasa hauendi bila keki. Petronella alizunguka akikumbatia. Alipofika kwa Ingegerd alifungua mikono.

"Mama wa kibanda chetu!"

"Kaa mbali nami kidogo," alisema Ingegerd.

"Najua umeumia. Lakini kumbuka, mimi sikumpigia kura Rosencrona."

"Hukumpigia. Ulimlaza kitandani, ukamfunika shuka, ukasema hukumwalika!"

Waliokuwa karibu wakageukia keki. Mwenyekiti wa tawi, Börje, mtu mzuri anayeogopa ugomvi kuliko moto, akagonga meza kwa nyundo yake ndogo. Ajenda ilikuwa moja: tawi litamke kwamba linaunga mkono hatua za mbunge wake. Katika mikutano ile mwenyekiti huuliza kama mkutano unakubali, watu huitikia ndiyo kwa pamoja, nyundo inashuka, mnaendelea na kahawa. Ingegerd alikuwa ameitikia ndiyo za namna hiyo maisha yake yote. Hata asipokubaliana alinyamaza, kwa kuwa kusema hapana mbele za watu ni kukosa malezi.

"Je, mkutano unakubali?"

"Ndiyo," ukumbi ukaguna.

"Hapana!"

Nyundo ya Börje ikabaki hewani. Sauti ya Ingegerd ilikuwa imepanda kuliko alivyokusudia, ikamtoka kavu na kali.

"Ingegerd, mpenzi, labda tuandike tu kwamba una maoni..."

"Sina maoni. Nina hapana. Na nataka mikono ihesabiwe."

"Hatujawahi kuhesabu mikono hapa."

"Ndiyo maana tumefika hapa! Tulisimama uwanjani pale, tukawaambia watu tupeni kura zenu, tutamzuia yule. Watu wazima wakaacha vyama vya baba zao. Tumechukua kura zao tukamjengea yule yule ngazi, na huyu amevishwa koti. Halafu tunakata keki! Hamwoni haya? Mtapitaje mbele ya watu wale kwenye duka la vyakula?"

Petronella alikuwa mwekundu. "Siasa ni kuwajibika, Ingegerd."

"Kuwajibika kwa nani? Nitajie jina moja la mtu wa Granforsen."

Hakulitaja. Börje, jasho linamtoka, akaomba mikono. Wanaokubali? Mikono michache ikainuka, ya wale waliokaa karibu na waziri. Wanaokataa? Ingegerd akainua mkono wake hadi juu, akageuka kuwatazama wenzake wa miaka yote, wale aliopika nao supu ya njegere, aliosimama nao kwenye mvua wakigawa karatasi. Kila mmoja alikuwa anachunguza kikombe chake. Hata Maj-Britt, aliyelia pamoja naye kwenye simu juzi, alikuwa anachokonoa keki kwa uma.

"Na sisi wengine," alisema mtu kutoka nyuma kwa sauti ndogo, "tunajizuia."

Börje akashusha nyundo kwa haraka ya mtu anayeua nzi. Tamko limepita.

Ingegerd alifungua mkoba, akatoa funguo za kibanda akaziweka katikati ya keki, zikazama kwenye krimu. Akavaa koti lake la zamani akatoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Holger. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza na hakuwa na viatu vyake vya theluji. Njiani alipanga maneno, akayapangua. Alikuwa hajaja kuomba radhi tu. Alikuwa amekuja kumwambia kwamba alisema hapana, kwa sauti, mbele ya waziri, peke yake. Alitaka kaka yake ajue hilo leo, kabla halijamfikia kwa midomo ya wengine.

Holger alifungua mlango baada ya Ingegerd kubisha mara ya pili. Alikuwa amekonda.

"Nimesikia," alisema. "Börje amepiga simu. Anasema umechafua keki."

"Nimewakatalia, kaka. Wote."

"Nimesikia hilo pia."

"Peke yangu."

"Ndiyo. Peke yako." Alisogea akampisha apite. "Umefanya vizuri. Lakini uchaguzi ujao ni mbali, Ingegerd, na daktari hanipi hata nusu ya safari hiyo. Kura yangu ya mwisho iko kwa Rosencrona. Hilo hulitoi kwa kupiga kelele ukumbini."

Ingegerd alivua viatu vilivyolowa, akaingia jikoni, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Holger akaweka birika jikoni akangoja lichemke, amempa mgongo.

Tangu mama yao afe, katika nyumba ile Ingegerd alinywea kahawa kwenye kikombe cha bati kilichotundikwa msumarini juu ya jiko, pembeni ya kile cha Holger. Vikombe vya maua vya mama, vyenye visosi, vilikaa kabatini kwa ajili ya kasisi na watu wa bima. Holger alinyoosha mkono msumarini akashusha kikombe kimoja cha bati, chake. Kisha akafungua kabati.

Akamwekea mdogo wake, kama mgeni, kikombe cha maua, kisosi chini yake, kijiko kimelazwa pembeni kwa adabu, akammiminia.

"Unatumia sukari?" alimuuliza.