Maharage ya Shamba la Pétronille

Drocella alikuwa akichambua maharage nyuma ya jiko la katekista, vijiwe upande huu, maharage upande ule, sauti ilipomwita kutoka ndani ya kitunga cha maharage. Ilimwita kwa upole, kama jirani aliyekuja kuomba moto. Mama yake alimfunza asimwitikie asiyemwona, kwa hiyo alijipangusa mikono akaenda kwa katekista mwenyewe, Papa Callixte, ambaye yeye alimwona vizuri.

"Papa, njo weye umeniita?"

"Hapana, mutoto wangu. Rudia kazi."

Sauti ikaita tena, akaenda tena. Mara ya tatu alisimama tu mlangoni, na mzee akavua miwani. Alikuwa amezeeka akifundisha, katika vilima vya Masisi, habari za kijana Samweli aliyeitwa na Mungu hekaluni, na maana yake aliieleza vilevile kila mwaka: mtumishi mwema huitika upesi, akafanya anachotumwa. Hakushangaa. Alifurahi kwamba jambo lenyewe limetokea nyumbani kwake.

"Useme: Bwana, sema, mutumishi wako anasikia. Lakini ngojea siku ya Mungu, kusudi batu bote basikie."

Basi siku zilizobaki sauti iliita, na Drocella akanyamaza kwa adabu.

Alikuwa na sababu ya kuwa katika nyumba ile. Baba yake alipokufa, Evode na Léopold, wana wa Callixte, walichukua shamba lake la udongo mweusi kando ya kijito. Walisema mjane hataliweza. Mama yake, Pétronille, alibaki humo kama kibarua, na binti akapelekwa kutumika kwa katekista ili apate kula. Callixte alijua yote. Tumtendee haki mzee wa watu: alimfundisha Drocella kusoma, na Noeli alimnunulia kitenge kipya. Wanawe tu ndio waliomshinda. Drocella alimpenda, na bado alitaka shamba lile lirudi kwa mama yake kuliko kitu chochote duniani.

Jumapili, siku ya Mungu, kitunga kiliwekwa mbele ya altare. Watu walikisalimia walipokuwa wakipita kwenda kukaa. Kilipoita, Drocella alipiga magoti akajibu kama alivyofundishwa.

"Tunatoka mu shamba ya Pétronille," maharage yakasema. "Evode na Léopold balimunyanganya. Papa yabo anajua, lakini anaogopa batoto yake."

Kanisa zima likaitikia kwa kichwa, maana ndivyo ilivyokuwa. Evode alisimama kwa heshima akaongeza kwamba shamba linafika mpaka kwenye kijito, halafu akakaa.

Callixte alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Iko Bwana," alisema. "Afanye vile anaona iko muzuri."

Watu wakasema Amina. Jua lilikuwa limeshapanda na wageni walikuwa wengi, kwa hiyo maharage yakapikwa. Yalikuwa matamu. Drocella ndiye aliyepakua, na mchuzi ukamwagika kwenye kitenge chake.

Alikuwa ameelewa kitu ambacho mzee hakuwahi kukifundisha. Samweli, yule kijana wa hekaluni, aliitwa ili amwambie aliyemlea kwamba nyumba yake ina kosa. Hakuitwa kwa jambo jingine, na alipokwisha kusema, lililobaki lilikuwa la mzee. Ilimuuma, na hakuwa na wa kumweleza.

Tangu hapo mavuno ya shamba lile yaliita kila msimu. Soko la Sake liliyauza kwa bei ya chini kidogo, kwa sababu ya kelele yanapochemka. Kanisani nalo walizoea: kitunga kikiita, wote waliitika pamoja, "Sema, tunasikia," na sauti ya Evode ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Msimu mmoja Drocella alimpelekea mama yake maji shambani. Maharage yalikuwa yamekauka kwenye maganda, nayo yalikuwa yakimwita kutoka kila mstari. Pétronille alikunywa, akajipangusa mdomo.

"Hauyaitikie?"

"Miye nilisha sema, Mama."

"Na bale ba kanisa?"

"Banasikia."

Pétronille akamrudishia kibuyu, akainama, akaendelea kung'oa maharage ya Evode.