Zoezi la Nne

Wadukuzi walipoivamia hospitali na kufunga mafaili yote ya wagonjwa, niliitwa mimi. Nani mwingine? Miaka ishirini nafundisha usalama wa mitandao chuoni, naandika tafiti, na makampuni yananilipa niyaambie yameacha mlango wazi. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Msimamizi wa mitambo ya kompyuta pale alikuwa Bonge, mwanafunzi wangu wa zamani, mpole hadi anakera. Mkurugenzi alikuwa keshamhukumu.

"Profesa, huyu ndiye aliyewafungulia. Kuna mstari kaufuta kwenye programu yake baada ya uvamizi. Nipe ripoti saa tisa, nimkabidhi polisi."

Kweli, kumbukumbu za mtambo zilionyesha Bonge amefuta mstari mmoja Jumatatu asubuhi. Nilichemka. Muhula mzima niliwaimbia kwamba ushahidi hauguswi, na yeye alikaa mbele kabisa.

Nikafungua programu aliyoiandika, nione wezi walipitia wapi. Nenosiri lilikuwa limeandikwa humo humo. Nililitambua. Lilikuwa la mfano, nililoliweka kwenye zoezi la darasani miaka kumi iliyopita. Kwa uvivu wangu sikuwahi kulibadilisha, wala kuwaambia walibadilishe. Tena nililichapisha kwenye utafiti ulionipa uprofesa, dunia nzima isome.

Nilimfuata Bonge chumba cha mitambo, feni zinavuma.

"Ulifuta nini?"

"Achana nayo, Mwalimu."

"Nitakuzaba kibao na ndevu zako hizo. Ulifuta nini?"

Akainamisha kichwa. "Niliandika pale juu: nimenakili kwa Profesa, zoezi la nne. Nikaona watakudhalilisha uzeeni. Mimi nitapata kazi kwingine."

"Kazi gani? Unakwenda jela, mjinga wewe."

"Basi andika tu, Mwalimu. Mimi sitasema."

Sitawadanganya. Nilikaa saa nzima nikitafuta sentensi ya kuniokoa, na niliipata: "Mtumishi alitumia nenosiri dhaifu, kisha akafuta ushahidi." Hakuna neno la uongo hapo. Nikaichapa, nikaipeleka, na aibu nikaimeza.

Mkurugenzi alisoma, akavuta simu. "Safi. Ila polisi watauliza, huo mstari ulisemaje?"

Bonge alikuwa kasimama mlangoni. Alinitazama, akatikisa kichwa polepole, nisiseme.

"Ulinitaja mimi," nikasema. "Nenosiri ni langu. Yeye kanakili nilichomfundisha, na alifuta ili anifiche. Ripoti hiyo ichane."

Mkurugenzi akarudisha simu mezani. Nilisubiri anitukane. Angenitukana ningeshukuru.

"Zoezi hilo umewapa wanafunzi wangapi?" akauliza.

"Kama mia tisa."

"Na sasa wako wapi?"

Nikaanza kuwataja. Benki. Uwanja wa ndege. Mitambo ya maji. Hospitali nyingine mbili. Sikufika mwisho; Bonge akanivutia kiti.