Maneno Yasiyotoka Chumbani

Chumba cha mikutano cha kitivo cha uhandisi kilikuwa hakipitishi hewa, na maneno yaliyosemwa humo yalikuwa hayatoki. Mkuu wa chuo, Daktari Lennox, aliondoa madirisha ya mbao akaweka vioo visivyofunguka, kwa sababu wageni hupenda ubaridi. Mashine ya ubaridi ikawa yazungusha hewa ile ile. Maneno yalikaa kwanza darini, kisha yakashuka hadi usawa wa vichwa. Kila asubuhi Kadzo, katibu, ambaye meza yake ilikuwa humo humo, aliyasukuma pembeni kwa ufagio wa kutolea utando wa buibui.

Kabla ya kila mkutano, mkuu aliagiza chumba kifukizwe udi, kama nyumba yoyote yenye heshima ya Mji wa Kale. Moshi haukuwa na pa kutokea. Uliyashika maneno yakawa mazito, na mazito kuliko yote yalikuwa ya mkuu mwenyewe, mwenyekiti wa mikutano yote. Mtu akivuta pumzi ili aseme, alivuta hayo, na likamtoka la kuyakubali tu.

Profesa Muhdhar, kiongozi wa kitivo, alifundisha mambo ya hewa ya majengo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Aliona uongozi umekuwa rahisi mno. Hakuna aliyebisha tena. Akaleta kipimo chake cha hewa. Mshale uligonga mwisho, upande wa hewa mbovu, ukakaa huko. Wakati huo Kadzo alikuwa akipanda ngazi kwa kushika ukuta, kifua kimembana. Mara tatu profesa aliinuka mkutanini kuomba dirisha. Mara zote tatu alisema, "Namuunga mkono mwenyekiti."

"Profesa, leo umeunga mkono hata sambusa," Kadzo alimwambia, akikohoa.

"Nimejisikia, mwanangu."

"Na wewe ndiwe fundi wa hewa. Nikifa, utaunga mkono pia?"

Profesa aliinua macho. Juu ya saa ya ukutani kilikuwepo kicheko cha Chirau, rafikiye aliyeongoza kitivo kabla yake na sasa ni marehemu. Wengine wakishaondoka, profesa hupanda juu ya kiti akakisikiliza.

Siku ya mkutano uliofuata alisimama nje, barabarani, akavuta pumzi moja, akaibana, akapanda nayo ngazi uso ukimwiva. Ilimtosha maneno machache.

"Dirisha lifunguliwe. Kadzo hapumui."

"Halifunguki," mkuu alisema, bila ubaya. "Limetengenezwa hivyo."

Profesa akachukua chetezo, udi ukiwaka, akapiga nacho kioo, vikavunjika vyote viwili.

Maneno yalitoka mchana kutwa. Kule mtaa wa Bondeni muuza kahawa aliyasikia yakimpita kichwani. "Wasomi hawa!" akasema. "Maneno yote haya, na hakuna hata moja la kununulia kashata."

Kadzo alivuta kiti chake hadi kwenye tundu la kioo. Hewa iliingia na harufu ya viazi karai.

"Sasa napumua, Profesa."

Naye akapumua. Alijihisi mwepesi, kama mchukuzi aliyetua gunia.

Mkuu alihamishia mikutano chumba cha pili, chenye vioo vile vile, akaagiza udi. Mambo yaliendelea kuungwa mkono.

Hasara ilikuwa hii: kioo kimoja, chetezo kimoja cha udongo, uongozi wa kitivo, na kicheko cha Chirau, kilichotoka cha mwisho, kikapita juu ya mapaa kuelekea Liwatoni.