Pasi ya Youa

Asubuhi hiyo tena Youa Xiong alianza kazi kwa kukamua taulo. Maji yalikuwa yametiririka kwenye vioo vya duka lake la ushonaji, yakalowesha gauni jeupe la bibi harusi wa Jumamosi, na upindo wake ulikuwa umeota madoa ya kijani. Nje, jiji zima la Saint Paul, kaskazini mwa Marekani, lilikuwa limeganda kwa baridi.

Bwana Lindquist, msimamizi wa jengo, aliingia bila kubisha, kahawa mkononi, pua kaikunja kama aliyekanyaga uchafu. Ndivyo alivyoingia kwa wapangaji wote. Alisema unyevu unatoka kwenye pasi ya mvuke ya Youa, na asipoizima atamtoa. Youa akamkumbusha kwamba alipougua pasi haikuwashwa wiki nzima, na vioo havikukauka.

"Basi ni masufuria yenu huko nyuma," Lindquist akasema. "Nyinyi watu mnachemsha kila kitu."

Safari hii alikuja na fundi wa mitambo ya hewa, Dale, pandikizi la mtu. Dale alipima hewa ya dukani, ya daktari wa meno ghorofani, na ya korido. Kote unyevu ulikuwa uleule. Akaeleza kwamba hewa ya nje wakati wa baridi ni kavu. Ikiingia ndani na kupashwa moto, hukausha. Jengo likilowa hivi, basi hewa hiyo haiingii, na pumzi za watu na maji ya kudekia hayana pa kutokea. Akapanda paani, akarudi na barafu kwenye masharubu. Milango ya kuingizia hewa ya nje ilikuwa imefungwa na kukazwa kwa skrubu.

"Nani kaifunga hiyo milango?" Youa akauliza.

Dale akamtazama Lindquist. Lindquist akatazama kahawa yake, akasema kupasha moto hewa ya nje kunakula gesi, na mwenye jengo hataki. Kisha akamgeukia fundi.

"Wewe andika ni pasi."

Dale alikuwa akilipwa na mwenye jengo huyohuyo. "Sawa, bosi," akasema, macho chini.

Youa alivaa koti. Akaburuta meza ya kupigia pasi, akaiegemeza mlangoni ili mlango ubaki wazi. Baridi ikaingia ikiwakata nyuso.

"Unapasha moto barabara, mama!"

"Hewa kavu hiyo. Fundi wako kasema."

Lindquist akaja kuisukuma meza. Youa akaikalia, gauni mapajani, akaanza kufumua upindo uzi mmoja mmoja. Juu ya vichwa vyao mtambo wa joto ukaanza kunguruma kupambana na baridi ile, ukila gesi ya mwenye jengo.