Taa ya Kumpokea Mkaguzi

Ngazi za jengo lile zilikuwa tisini na sita, na Kinyozi alizijua moja moja kama alivyovijua vichwa vya wateja wake. Ya kumi na moja ilikuwa imemeguka pembeni. Ya thelathini ilikuwa na nundu ya saruji inayonasa kiatu. Kuanzia ya hamsini na tatu hadi ya sitini chuma cha kushikilia kilikuwa kimeng'oka, na anayeyumba hapo hana wa kumdaka ila Mungu. Alizijua hivyo kwa sababu mara tatu kwa wiki alizishuka gizani amembeba mama yake mgongoni, na mara tatu kwa wiki alizipanda naye tena.

Giza lenyewe halikuwa la usiku. Saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshawatoa watu jasho barabarani, mle ngazini ungenyooshewa kidole usikione. Zamani kulikuwa na madirisha. Kisha likajengwa ghorofa jipya, likaliegemea lile la zamani kama mlevi anayeegemea mwenzake, na madirisha yakabaki yanatazamana na tofali. Tangu hapo taa ndizo zilizokuwa jua la ngazini. Nazo zilizimika pamoja na kila kitu siku mafundi wa kampuni ya umeme walipokuja na barua ya mwenye nyumba, wakang'oa fyuzi kubwa na kulifunga sanduku la mita kwa waya na lakiri.

Barua ilisema nyaya zimezeeka, ni hatari, wapangaji wahame zibadilishwe. Wapangaji wakasema zibadilishwe wakiwamo. Kampuni ikasema hairudishi umeme bila saini ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akasema hasaini mpaka nyumba iwe tupu. Kila mlango walioubisha uliwaelekeza mlango wa pili, na wa pili ukawarudisha ule wa kwanza. Miezi mitatu ikapita. Pampu ya maji ikanyamaza. Lifti ikakwama ghorofa ya pili, mlango nusu wazi, kama mtu aliyefia katikati ya sentensi.

Kwa majirani ilikuwa shida. Kwa Kinyozi ilikuwa roho ya mtu. Mama yake, huko ghorofa ya tano, figo zote mbili zilikuwa zimegoma. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne kamili, kiti chake hospitalini kilimngoja akasafishwe damu kwa mashine. Ukichelewa nusu saa kiti anapewa mwingine, nawe unarudi nyumbani na sumu yako mwilini. Siku mbili hivi, miguu inavimba. Siku nne, tano, wanakuja watu kukupa pole ya mwisho.

Na mgongo wa Kinyozi ulikuwa umeanza kusema. Asubuhi aliamka amepinda, akajinyoosha kwa kuning'inia kwenye fremu ya mlango ili mama asione.

"Umenona, mama," alimtania kila wakifika ngazi ya arobaini, pumzi zikimkatika.

"Ninone kwa lipi, na hospitali wamenikataza hata chumvi?" mama alijibu, akimmulikia njia kwa simu juu ya bega lake. "Tembea, punda wangu. Ukifika chini nitakupa majani."

Ndiyo maana baraza la serikali la kesi za nyumba lilipoketi kusikiliza maombi ya wapangaji, Kinyozi alifunga kibanda chake cha kunyolea akaenda kukaa benchi la mbele. Wakili wa mwenye nyumba alisimama, suti imemkaa kama ganda la ndizi, akasema, bila kupepesa, kwamba jengo lina umeme. Kuna hitilafu ndogo ndogo tu, na wapangaji wamezoea kulalamika. Benchi zima liliguna. Mwenyekiti wa baraza, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, aligonga meza.

"Huyu anasema upo, hawa wanasema haupo," alisema. "Umeme si siri ya moyoni. Mkaguzi wetu ataenda Alhamisi saa nne asubuhi akaangalie."

Walitoka wakicheka. Waliona kesi imekwisha. Nani atalificha giza?

Jumatano jioni wapangaji walikutana chumbani kwa Mwalimu, mstaafu wa ghorofa ya pili, ndiye aliyewaandikia maombi kwa mkono wake wa chaki. Mwalimu alitaka ngazi zifagiliwe, basi. Cheche, mchomelea vyuma wa uani, alisema hata kufagia kusifanyike.

"Mwacheni apapase," alisema. "Ajigonge kidogo. Goti likivuja damu litaandika lenyewe."

Hapo ndipo Kinyozi aliposimama. Kijana huyu alikuwa na kichwa kigumu na moyo mkubwa, na siku hiyo vyote viwili vilisema kwa pamoja.

"Sisi si panya, Cheche! Mtu wa serikali hatumpokei kama panya shimoni. Akivunjika mguu watasema tumemtegea. Jenereta lako la kuchomelea lina kazi gani saa nne? Tuvute waya, tuwashe taa za ngazini, afike juu salama, akae, apepewe, tumweleze kama watu na akili zao."

"Na mama yako amesemaje?"

"Mama amesema mgeni haingii kwake kwa kupapasa."

Hilo likawa neno la mwisho, kwani hakuna aliyetaka kushindana na yule mama. Asubuhi Cheche akavuta waya, akaunganisha taa za ngazini moja baada ya nyingine, na feni moja chumbani ghorofa ya tano. Lifti jenereta lisingeiweza, hata wangeliombea dua. Lakini ngazi ziling'aa! Watoto walitoka kuzitazama. Mtu aliona kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu rangi ya mlango wake.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, mwembamba, na viatu vilivyosuguliwa. Alipanda taratibu, akashukuru kila kona. Chumbani alipewa kiti kizuri na maji, feni ikampepea, na mama akamuuliza hali ya wazazi wake.

"Taa hizi ni za jenereta, bwana," Kinyozi alimwambia. "Unalisikia linavyonguruma uani? Tumeliwasha kwa ajili yako. Umeme hakuna."

"Nimekuelewa, ndugu yangu," mkaguzi alisema, akaandika. "Mna adabu sana watu wa hapa. Kwingine natupiwa maneno kabla sijagonga." Akageuza fomu. "Saini hapa, kuthibitisha kwamba nilifika."

Kinyozi akasaini, saini ndefu yenye mkia. Mwanga wa kusomea ulikuwepo, tena tele. Hakusoma.

Wiki iliyofuata, barazani, wakili aliisoma kwa niaba yake, polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu.

"Taa za ngazi siku ya ukaguzi: ziliwaka. Umeme chumbani: ulikuwepo, feni ilifanya kazi. Lifti: haifanyi kazi, ni chakavu. Imesainiwa na mpangaji." Akaiinua fomu hewani. "Mheshimiwa, mkia huu wa saini mtu angeweza kuruka nao kamba."

Kinyozi aliruka kutoka benchini. "Ni jenereta! Nilimwambia kwa mdomo wangu!"

Mkaguzi, aliyekaa pembeni, aliinamisha kichwa. "Aliniambia, mheshimiwa. Ila fomu inauliza kama taa ziliwaka. Haiulizi umeme umetoka wapi."

"Saini ni yako?" Mwenyekiti alimuuliza Kinyozi.

"Ni yangu."

"Uliisoma?"

Alitaka kusema uongo. Mgongo ulimchoma. "Sikuisoma, mheshimiwa. Nilikuwa na mgeni."

Mtu alicheka nyuma, kisha akaona haya akakohoa. Mwenyekiti alivua miwani. Alisema amri ya kurudisha umeme haiwezi kutolewa juu ya taarifa kama ile. Kesi inasogezwa wiki sita. Ukaguzi mwingine unaweza kufanyika, tarehe watatangaziwa.

"Msitutangazie!" Kinyozi alilia, na sauti yake ikapasuka kama ya mtoto. "Nakuomba, mama yangu. Wiki sita ni safari kumi na nane. Mgongo huu hauna kumi na nane. Mje tu! Mje siku hatujafagia!"

"Kaa chini, kijana," Mwenyekiti alisema. Aliandika kitu, lakini aliandika vitu vingi siku hiyo.

Jioni Kinyozi alimweleza mama. Alijilaumu, akalilaumu jenereta, akaulaumu hata mkia wa saini. Mama alisikiliza, miguu imewekwa juu ya mto.

"Kosa ni letu wawili," alisema. "Mimi ndiye niliyetaka feni."

Ijumaa saa mbili na nusu Kinyozi alichuchumaa mbele ya kitanda, akampa mgongo kama kawaida. Hakusikia mikono ikimshika shingo.

"Leo sishuki," mama alisema nyuma yake.

"Panda, mama. Teksi iko njiani."

"Nakusikia ukijinyonga mlangoni kila asubuhi, unadhani nimelala. Nilikubeba miaka miwili mgongoni, wewe umenibeba miezi mitatu nami ni mzito zaidi. Tumelipana. Niache."

Kinyozi hakugeuka. Alibaki amechuchumaa, viganja sakafuni. "Ulinibeba nikiwa na homa?"

"Nilikubeba."

"Niliwahi kukuambia niache?"

"Ulikuwa unanitapikia, ungesema saa ngapi?"

"Basi nitapikie, mama, lakini panda." Machozi yalikuwa yanamdondokea katikati ya viganja na hakuyafuta, maana angeyafuta angejulikana. "Nitakaa hivi hivi mpaka saa nne ipite. Na mgongo ndio utakufa kabisa."

Kisha kitanda kikalia, na mikono miwili mikavu ikamzunguka shingo.

"Punda mbishi," mama alisema.

Walichelewa kutoka. Tisini na sita, tisini na tano. Mwanga wa simu ulitetemeka juu ya bega lake. Walipofika sitini, mahali pasipo na chuma, walisikia viatu vikipapasa chini yao, kisha kishindo, kisha mtu akimtaja Mungu.

"Kuna mtu hapo?" sauti iliita. "Nimetumwa na baraza. Naomba mwanga, jamani!"

Kinyozi aliijua sauti ile. Alisimama.

"Mmulikie, mwanangu, ataanguka," mama alinong'ona, na mkono wenye simu ukaanza kuelekea chini.

"Izime, mama."

"Utamwacha mgeni gizani?"

"Kidogo tu. Mara ile tulimwashia."

Mama aliurudisha mkono. Kisha akaizima.

Giza likawashukia wote watatu kama blanketi lililolowa. Chini, mkaguzi alipumua kwa nguvu. Viganja vyake vilisikika vikisugua ukuta, vikitafuta.

"Nishike wapi?"

"Hapo hapana pa kushika," Kinyozi alimwambia. "Chuma kimeng'oka. Kaa upande wa ukuta, shuka kwa makalio kama mtoto. Mimi nakuja na mama yangu mgongoni, ukinigusa tunakwenda wote."

"Wewe ni yule kinyozi."

"Ni mimi."

Wakamsikia mkaguzi akikaa na kuanza kushuka, ngazi moja, ngazi moja, suruali ikikwaruza saruji. Mama aliwasha simu tena bila kuomba ruhusa, na safari hii Kinyozi hakumkataza.

Nje jua liliwapiga usoni. Teksi ilikuwa inanguruma, dereva ameegemeza mkono kwenye honi. Saa nne kasoro kumi. Kinyozi alimweka mama kiti cha nyuma, akajaribu kunyooka, akashindwa. Akabaki amepinda, mikono magotini. Mkaguzi, vumbi jeupe makalioni na goti la suruali limechanika, alitandaza fomu juu ya boneti, akaandika, akamsogezea kalamu.

"Saini, uwahi," alisema kwa sauti ya chini.

Kinyozi aliishika fomu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, saa!" mama aliita. Dereva alipiga honi.

Kinyozi alianza juu kabisa, kwenye tarehe. Akasoma jina la jengo. Akasoma ghorofa. Midomo yake ilikwenda na kila neno, kidole kikifuata mstari, jasho likidondoka kwenye karatasi. Honi ililia tena, ndefu. Alifika kwenye taa za ngazi, akasoma "hazikuwaka", akarudi mwanzo wa mstari, akausoma tena.